Mzazi Mwenzangu Jikoni

4 Machi

Leo ni tarehe nne Machi, na huu ni mwaka wa thelathini na nne tangu nivuke mpaka nikiwa na mke, mtoto wa kike wa miaka sita na mkoba wa nguo. Mke nimemzika huku. Mtoto amekuwa muuguzi, ameolewa, na ndiye mwenye nyumba ninayoishi. Mkoba sijui uliishia wapi. Naandika kwa sababu masika yameanza na sina pa kwenda mchana, na kwa sababu mjukuu wangu anaolewa mwishoni mwa Aprili na keki nitaoka mimi.

Ameniomba mwenyewe. "Mume wangu," alisema, maana ndivyo anavyoniita tangu ajue kusema, "umeshindwa kunioa, basi angalau niokee keki." Nikamjibu nitamwokea ya ghorofa tatu, ili kijana wake ajue amechukua mke wa mtu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusahihisha vitabu kabla havijachapwa. Huku hakuna aliyehitaji macho yangu. Walihitaji mikono, nikakanda mikate kiwandani mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo nina magonjwa mawili ya kazi: siwezi kupita kibao chenye kosa bila kusimama, na siwezi kula mkate wa dukani bila kuubonyeza kwanza.

7 Machi

Mvua. Nimeoka skonzi za zabibu kavu. Mkwe amekula nne akiwa amesimama, simu sikioni, akimweleza mtu faida za bima ya moto. Skonzi iliyotoka sasa hivi kwenye oveni inastahili kiti.

9 Machi

Binti ametangaza wakati wa chai kwamba mama mkwe wake anakuja kukaa mpaka harusi ipite. Kwangu mimi yule mama ni mzazi mwenzangu, neno zuri ambalo waliolitunga hawakumjua. Alikuwa mwalimu mkuu, akifundisha hesabu, na mpaka leo anaingia kila chumba kana kwamba wanafunzi wamekuwa wakipiga kelele. Mara ya mwisho tulipoonana alionja mkate wangu, akatafuna taratibu, akasema, "Umejaribu." Katika lugha yetu hakuna tusi lenye adabu kuliko hilo.

13 Machi

Alifika jana na mvua. Ana sanduku moja la nguo na jingine la vyombo vya kuokea, pamoja na mizani ya chuma aliyoiweka kwenye rafu yangu. Mti wangu wa kusukumia aliusogeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza panya aliyekufa.

Yeye ni wa upande huu wa mpaka. Tunazungumza lugha moja, ila h yeye aliiacha njiani siku nyingi. "Arusi aiitaji kubaatisha, Mzee," aliniambia. "Mimi napima kila kitu." Kwa neno arusi kamusi inamtetea. Kwa mengine hana wakili.

Analala chumba kimoja na mjukuu, kwenye godoro la chini. Leo asubuhi alisema, bila kumwangalia mtu yeyote, kwamba chumba changu, kwa kuwa kimepakana na jiko, lazima kina joto zuri kwa mgongo.

Nimemsikia.

15 Machi

Keki yangu ya majaribio ilikuwa imeanza kupanda. Akafungua mlango wa oveni "kuangalia". Imezama katikati kama godoro la hospitali.

17 Machi

Leo tumegombana mbele ya watu. Alikuwa akimfundisha mjukuu habari za keki ya matunda makavu, akasema, "Keki aitaki araka." Nami, bila kuinua uso gazetini, nikamwambia kuna h mbili zimeanguka chini ya meza, aziokote kabla hazijakanyagwa.

Mkwe akakohoa. Mwalimu Mkuu hakukasirika hata kidogo. Aliweka kijiko chini.

"Mzee, namba azina h na bado zinajumlishwa. Wewe una h zote, na keki yako imezama."

Binti alicheka mpaka akashika sinki. Sijamsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu, na ningefurahi kama kicheko kisingepita juu ya kichwa changu.

Mjukuu ametupatanisha, kama wanavyopatanishwa watoto. Ghorofa ya chini, ya matunda makavu, ni ya bibi yake, kwa kuwa huokwa mapema ili ikomae. Mbili za juu ni zangu. Mapambo ni yangu. Mlango wa oveni hafungui asiyeoka. Akatulazimisha kupeana mikono. Mkono wa Mwalimu Mkuu ni mkavu na una nguvu, na aliuondoa wa kwanza.

20 Machi

Simu kutoka kule. Mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye sijawahi kumwona, amesema kumetulia. Nyumba ya wazee wetu, tulimokuwa tukiishi, ameiezeka upya. Kuna chumba kinachotazama barabara, kina kitanda na taa. Sikumwuliza kwa nini ananitajia vyumba. Kisha akasema, kwa furaha ya mtu anayeleta zawadi, kwamba fundi saa wa mlango wa pili bado yu hai, anatembea na fimbo, na ananisalimu sana.

Naliandika hapa, kwa kuwa hakuna aliye hai niliyemwambia. Siku wenye silaha walipokuja kututafuta hawakujua nyumba yetu ni ipi. Walisimama barabarani wakiulizana. Fundi saa akatoka dukani mwake, kile kioo chake kidogo bado kimebanwa jichoni, akanyoosha kidole. Nilimwona kupitia pazia. Tulitokea mlango wa nyuma. Mke wangu alijua, naye amekwenda na jambo hilo. Binti alikuwa mdogo, sikuona sababu ya kumtwisha.

Nikamwambia kijana ahsante kwa salamu.

23 Machi

Jua, mara moja tu. Nimeoka keki ya ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, maana ndizi nzuri ya keki ni ile ambayo mgeni angeona haya kuila. Pembe ya keki nimeila mwenyewe kwenye ngazi za nyuma, na chai ya moto, miguu juani. Ganda la pembeni lilikuwa gumu kidogo, ndani laini. Kwa muda wote wa pembe ile sikumchukia mtu.

Kisha binti akaja na mumewe kuchukua vipande vyao. Nikamsikia akimwambia, "Baba alipenda pembe siku zote." Nikamsahihisha: anapenda, mimi bado nipo na bado natafuna. Akasema samahani, ulimi umeteleza, akaenda kufungua bomba ambalo hakuwa na haja nalo.

24 Machi

Mvua tena. Mwalimu Mkuu amelipanga upya kabati la viungo kwa alfabeti. Hiliki ameiweka kwenye I.

26 Machi

Leo nimesikia jambo.

Nilikuwa nimejinyoosha baada ya chakula cha mchana. Mvua ilikuwa ikipiga mabati mpaka haisikiki sauti ya mtu, kisha ikapungua ghafla, na watu waliokuwa jikoni hawakupunguza sauti zao kwa wakati. Ukuta wangu na jiko ni mbao nyembamba. Mkwe alikuwa akisema kuhusu meza ya ofisi, kwamba mwanga wa chumba kile ni mzuri kwa kazi. Akataja tiketi ya basi, Jumamosi inayofuata harusi. Binti alisema neno, sikulikamata. Halafu ikaja sauti ya Mwalimu Mkuu, sauti iliyozoea kufika mstari wa nyuma wa darasa:

"Ata mkimfungia mizigo wenyewe, uyu mzee atarudi. Mimi nawaambia. Atarudi."

Maneno mawili yamekosa h, hata na huyu, kama kawaida yake. Niliyasahihisha kichwani kabla sijaelewa. Kisha maana ikafika.

Wananirudisha kule. Na anayewatia moyo ni yeye. Tangu asubuhi ile ya kwanza alikuwa akikipimia kitanda chake chumba changu, na alipoona mgongo hautoshi akamtafutia mwanawe ofisi. Binti yangu peke yake hawezi kufikiri jambo la namna hii. Mtu amelikanda, akaliumua, akampa likiwa limeiva.

Sikutoka kuwauliza. Mtu akiuliza hupewa jibu, na jibu likishatoka huwa ni uamuzi. Nitanyamaza mpaka harusi ipite, kwa ajili ya mjukuu. Lakini kunyamaza kuna namna nyingi.

27 Machi

Nimeacha kumsalimia Mwalimu Mkuu. Amegundua alipofika chai ya jioni. Ameniangalia kama anayeangalia jibu la hesabu lisiloonyesha njia.

29 Machi

Mizani yake imehamia juu ya friji, ambako hafiki. Nani ameihamisha, haijulikani.

30 Machi

Mti wangu wa kusukumia umepatikana uani, chini ya beseni, umelowa. Nani ameutoa, haijulikani.

2 Aprili

Leo alioka ghorofa yake. Tangu asubuhi alipima kwa vikombe, mizani ikiwa bado juu ya friji, akachekecha unga, akapima tena. Matunda makavu yalikuwa yamelowekwa tangu wiki iliyopita. Alivunja mayai moja moja kwenye kikombe, akayanusa kila moja kabla ya kuyamwaga, na lazima nikubali kwamba hilo ni sawa. Akafunika chombo kwa karatasi, akakiingiza kwenye oveni, akapunguza moto.

Oveni ya nyumba hii ina tabia. Baada ya muda mrefu, kile kitasa cha kupunguzia moto hulegea na kujirudisha juu chenyewe. Mimi hukibana kwa kipande cha kadibodi. Yeye hajui. Kwa kuwa kitu hicho hakikuwa kwenye mapatano yetu, sikumwambia.

Alikwenda kupumzisha mgongo. Mimi nilikuwa nimeketi pale jikoni na kitabu. Nikaona kitasa kinapanda. Harufu ya keki ya matunda ina hatua zake: kwanza sukari, kisha viungo, kisha kitu kama mbao mpya. Baada ya mbao huja hatua ambayo mwokaji yeyote husimama. Niliisikia. Sikusimama. Niliendelea kushika kitabu changu mpaka moshi ulipoanza kutoka pembeni mwa mlango, na yeye akaja mbio akiwa na soksi mguu mmoja.

Hakupiga kelele. Aliikwangua juu kwa kisu, akaikata, akaonja katikati, akatema mkononi. Akaifunga yote katika gazeti langu, lililokuwa bado halijasomwa, akaitoa nje kwenye mvua.

Nilitegemea kufurahi. Nimeandika sentensi hii nikingoja furaha ije.

5 Aprili

Binti amenunua sanduku jipya la safari. Limesimama ukumbini likiwa na karatasi yake ya dukani. Hakuna anayesema ni la nani. Tunalizunguka tukienda kula.

8 Aprili

Mvua. Biskuti za tangawizi, nyembamba, zenye kupasuka vizuri. Nimezila zote.

12 Aprili

Lazima niandike haya kwa utaratibu.

Nilikuwa jikoni peke yangu, nachanganya siagi na sukari kwa ghorofa ya kati. Mwalimu Mkuu akaingia, akafunga mlango, akasimama mbele yangu na mikono nyuma.

"Mzee, sikupendi," alisema. "Lakini mimi sipiki keki ya kumfukuzia mtu."

Nikaacha mwiko. Akanieleza. Asubuhi ile binti yangu alimwomba, kwa kuwa ghorofa yake imeungua na itabidi aoke tena, aoke pia keki ndogo ya pembeni, ya kusomwa na kukatwa siku ileile ya harusi. Iandikwe "Safari njema Baba". Watu wote watakuwepo, kutakuwa na muziki, na mzee hataweza kukataa mbele ya wageni. Ni mpango wa binti yangu tangu Januari. Yeye ndiye aliyempigia simu mtoto wa kaka, ndiye aliyeagiza mabati ya kule, ndiye aliyenunua tiketi.

Nikamwambia aache kumsingizia mtoto wangu. Nilimsikia yeye mwenyewe kwa masikio yangu akiwahakikishia kwamba nitarudi.

"Mimi?" Alishangaa kweli, na si mtu wa kushangaa. "Mimi niliwaambia atarudi. Uyu mzee atarudi, ata mfunge mizigo wenyewe. Atarudi!"

Na kila alipolisema neno lile kidole chake kilikwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama anayemkatalia mtoto ruhusa.

Hatarudi.

Nilikaa chini. Zilikuwa h tatu. Mwezi mzima nimekuwa nikiokota h za mwanamke huyu chini ya meza, nikimrushia usoni, na moja iliyokuwa na uzito nikaiacha ipite, kwa kuwa neno lililobaki lilikuwa na maana nzuri na lilimfaa adui niliyekuwa nimeshamchagua. Kosa baya la chapa ni lile linalozaa neno jingine sahihi. Nililijua hilo nikiwa kijana.

Nikamwuliza kwa nini alinitetea.

"Sikukutetea. Nilisema kitu ninachokiona. Mtu anayegombania rafu moja ya jikoni mwezi mzima, uyo aachi nyumba." Akaegemea meza. "Na usidhani sijui. Keki yangu ilipoungua ulikuwa umekaa apo apo. Kitabu umekishika, ukurasa ukuugeuza."

Sikukana. Yeye pia hakungoja nikiri. Alivuta kiti, akapanda, akaichukua mizani yake juu ya friji, akatoka nayo.

13 Aprili

Tumeoka ghorofa yake upya, mimi na yeye, bila salamu. Haina tena muda wa kukomaa, kwa hiyo nimemwonyesha namna ya kuitoboa kwa sindano ya kufumia na kuinywesha maji ya matunda ikiwa moto. Nimemwonyesha kadibodi ya kitasa. Katikati ya kazi akafungua mlango wa oveni kuangalia. Niliuma meno, nikaangalia dirisha.

Sasa naona vitu ambavyo vilikuwa wazi. "Baba alipenda." Bomba lililofunguliwa bila haja. Mtoto wangu alikuwa ameshanihamishia wakati uliopita, na mimi nilisahihisha kitenzi nikaona nimemaliza kazi.

19 Aprili

Mvua, mvua. Sukari ya kupambia haikauki. Feni ya mkwe imeazimwa bila idhini yake.

21 Aprili

Binti anapiga pasi mashati yangu, hata yale ninayoyavaa kuokea. Ameyakunja vizuri kuliko anavyoyakunja ya mumewe. Niliketi nikimtazama. Ana mikono ya mama yake na haraka ya kwangu. Nilitaka kumwambia najua. Badala yake nikamwambia kola ya lile la bluu ameiacha na mkunjo, akalirudia.

24 Aprili

Ghorofa tatu zimesimama. Hazijaegemea popote. Mjukuu amezunguka meza mara kadhaa, amenibusu kipara, akasema, "Mume wangu, kwa keki hii naomba talaka ya amani." Keki ndogo haijaokwa. Binti amemwuliza Mwalimu Mkuu, akajibiwa kwamba mayai yameisha. Kuna trei nzima ya mayai kwenye kabati.

27 Aprili

Harusi imefanyika jana. Mvua ilingoja hadi wageni walipoingia ukumbini, kisha ikanyesha kwa hasira. Niliketishwa meza ya wazee, bega kwa bega na Mwalimu Mkuu, aliyevaa nguo ya rangi ya bilinganya na kuniambia tai yangu imepinda. Ilikuwa imepinda.

Muda mfupi kabla ya kukata keki mkwe alichukua kipaza sauti. Ni mzungumzaji mzuri, ndiyo maana watu hununua bima zake. Alisimulia maisha yangu vizuri kuliko yalivyokuwa. Akasema kwamba Babu, baada ya miaka yote hii ugenini, Jumamosi ijayo anarudi nyumbani. Ukumbi ukasimama. Watu walipiga makofi, wengine walifuta macho, mtu akaanzisha vigelegele. Katika ukumbi mzima waliokaa bila kupiga makofi tulikuwa wawili, na tulikuwa meza moja.

Mjukuu alikuja mbio na gauni lake akiwa amelikusanya mikononi. Hakuwa akijua. Uso wake ulikuwa mweupe kama keki. "Mume wangu," aliniambia sikioni, "unaniacha siku ninayokuacha?"

Nikaletewa kipaza sauti. Niliwaona wote, na binti yangu nyuma kabisa, karibu na mlango wa jiko, amejifunga kanga juu ya nguo ya sherehe kwa sababu hajui kukaa. Ningeweza kusema mengi. Lakini siku ilikuwa ya mtoto.

"Mimi niliitwa kuoka keki," nilisema. "Keki ni hiyo. Kateni kabla sukari haijayeyuka."

Walicheka, wakadhani ni huzuni ya mzee. Ghorofa ya chini iliisha kwanza. Nimemwambia Mwalimu Mkuu hivyo, naye akasema alikuwa akihesabu.

28 Aprili

Vyombo vya harusi. Mwalimu Mkuu alisugua, binti aliosha, mimi nilifuta. Mwishowe binti akasema, akiyaangalia maji, kwamba basi linaondoka Jumamosi asubuhi na atachukua likizo anisindikize mpaka mpakani.

"Sipandi," nikasema.

Aliweka sahani chini. Nilidhani atalia. Kumbe alikuwa amejiandaa miaka mingi.

"Baba, tangu nina miaka sita unasema kwetu. Mkate wa huku hauna chumvi kama wa kwetu. Mvua ya huku haina adabu. Mama alipokufa uliniambia kwetu watu wangejua kumlilia. Nimekua nikidhani mimi ndiye ninayekushikilia hapa. Leo nakupa kwetu, nimekujengea na paa, unaniangalia kama nimekuwekea sumu."

Nilitafuta kosa katika maneno yake. Nilitafuta kwa bidii. Hayakuwa nalo.

"Na ofisi ya mumeo?" nikasema, kwa sababu mtu aliyeshindwa hupiga chini ya mkanda.

"Na ofisi pia. Sitakudanganya. Na mimi nimechoka, Baba. Katika nyumba hii kila mtu anaongea kama yuko kwenye mtihani wako."

Mwalimu Mkuu aliendelea kusugua chombo kilichokuwa kimeshatakata.

Nikamwambia binti kwamba fundi saa bado yuko mlango wa pili.

Uso wake ukafunguka. "Yule wa peremende? Bado yu hai?" Aliikumbuka mitungi yake ya kioo, na namna alivyokuwa akimwacha asikilize saa moja baada ya nyingine ili achague inayosema vizuri.

"Ndiye aliyewaonyesha nyumba yetu."

Mwalimu Mkuu akafunga bomba, akajifuta mikono, akatoka. Ni mara ya kwanza kumwona akiliacha jiko kwa hiari.

Binti alisimama pale na povu likimtiririka mpaka viwiko. Baadaye akauliza kwa nini sikumwambia. Nikasema kwa sababu alizipenda zile peremende, na katika vyote vya kule ndicho kitu pekee alichobeba. Nilipokuwa nikisema kwetu, kwetu, nilikuwa nikiiongezea meza yake chakula, kwa sababu sikuwa na kingine. Chumvi ile, mvua ile, vilikuwepo. Ila na kidole kilikuwepo, na chumba walichonitengenezea kinatazama barabara ileile.

Alilia, lakini kwa hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Amesema tiketi anaichana, sanduku analifungua, nibaki, mumewe atafute ofisi kwingine.

Nikamwambia hapana. Mizigo ameifunga vizuri, na sitaifungulia hapa. Akasema hizo ni hasira. Nikamwambia ndiyo, ni hasira, na pia ni ule mtihani. Wapumzike.

3 Mei

Jumamosi ya basi. Nimehamia chumba cha juu ya duka la unga, kwa mama muuza unga ambaye kwa miaka amekuwa akiniuzia ngano na kuniambia siku zote kwamba mimi ni mteja msumbufu kuliko wote. Sharti lake ni kwamba nisimwage unga kwenye ngazi. Mkwe alibeba sanduku, kwa mikono miwili, bila simu.

Mwalimu Mkuu amerudi kwake kwa gari la mchana. Hatukuagana.

13 Mei

Mvua imepungua, inanyesha jioni tu. Nimenunua oveni ndogo ya umeme, ya mezani. Inaunguza upande wa kushoto. Nimeanza kuizoea.

Leo binti amekuja akitoka kazini, na viatu vyake vyeupe vya wodini. Kiti ni kimoja, akaketi kitandani. Nilimpa skonzi, akaigawa kwa mikono, akala polepole, wala hakuisifia. Amesema nyumba imekuwa kimya mno na mumewe amekuwa akila mkate wa dukani. Kisha akauliza kama nitarudi nyumbani masika yakiisha. Nikamwuliza nyumba ipi. Akasema yoyote, Baba, chagua wewe.

Naandika hapa kama nilivyomjibu. Kwake nitakwenda Jumapili, nitakula nitakachopewa, nitaondoka kabla giza halijaingia. Kule nilikozaliwa sitakwenda nikiwa hai, na nikifa nisipelekwe. Nizikwe huku, kando ya mama yake.

Sitarudi.